Vita vya Agosti 1896 na mapambano dhidi ya ukoloni Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wanafunzi wa skuli, na wageni wanaosimama Forodhani wakiitazama Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, na vijana wetu waliozaliwa ughaibuni wanaotaka kujua kwao kulipita nini. Mengi yanahusu asubuhi moja tu, ya tarehe 27 Agosti 1896, na huko nimekaa zaidi. Mengine yanakwenda nyuma hadi kwa Wareno na mbele hadi 1964.

Vita vya 1896 vilianzaje?

Vilianza na msiba. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla kasrini. Watu wengi walishuku sumu, na wapo waliomnyooshea kidole binamu yake, Seyyid Khalid bin Barghash, ingawa jambo hilo halikupata kuthibitishwa. Khalid hakusubiri kushauriwa na mtu. Aliingia kasrini na watu wake, marehemu akazikwa alasiri ile ile, na mizinga ikapigwa kutangaza kwamba Zanzibar imepata sultani mpya.

Kwa Waingereza hilo lilikuwa kosa. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Balozi wao mkuu, Arthur Hardinge, hakuwepo nchini, na kazi yake ilikuwa mikononi mwa kaimu, Basil Cave. Cave alimtumia Khalid onyo: kujitangaza bila idhini yetu ni uasi. Khalid akajibu kwa kukusanya watu. Walijaa uwanjani na ndani ya kasri hadi wakafika kama 2,800, wakiwa mchanganyiko wa walinzi wa kasri, watumwa, watumishi, na raia wa mjini waliopewa bunduki siku ile ile.

Waingereza walipata wapi haki ya kutuchagulia mfalme?

Waliipata kwa karatasi. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alikubali nchi iwe chini ya himaya ya Uingereza, na tangu hapo mrithi wa kiti ilibidi akubaliwe na wao. Mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekaa mezani zikigawana Afrika Mashariki. Uingereza ikaachiwa Zanzibar, nayo ikawapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini. Hakuna Mpemba wala Muunguja aliyekaa kwenye meza hiyo.

Kisheria tulibaki ufalme wenye bendera yake. Lakini 1891 hazina na mapato ya serikali vilitiwa chini ya waziri wa kwanza, Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza ambaye ndiye aliyekuwa ameliunda jeshi la Sultani tangu 1877. Mfalme asiyeshika hazina wala jeshi amebakiwa na nini? Khalid alilielewa swali hilo vizuri, kwa sababu 1893, alipofariki Ali bin Said, alikwisha kujaribu kukitwaa kiti akaondolewa kasrini bila ya risasi kupigwa. Safari hii aliamua hatoki.

Ilikuwaje asubuhi yenyewe?

Ili kuielewa asubuhi, anza na siku mbili zilizotangulia. Tarehe 25 bandarini palikuwa na manowari mbili za Kiingereza, Philomel na Thrush. Jioni ikaingia Sparrow. Kesho yake ikaja Racoon, na baada ya adhuhuri ikatia nanga St George, iliyompakia Amirali Harry Rawson. Manowari tano za chuma, mbele ya makasri yaliyojengwa ukingoni mwa bahari kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Cave akapeleka simu ya maandishi London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga kasri iwapo maneno yatashindikana. Jibu lilimruhusu kufanya lolote aliloona lazima, ila lilimtahadharisha asianze jambo asilo na yakini kwamba atalimaliza kwa ushindi.

Khalid akapewa muda hadi saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27. Ashushe bendera, watu waweke silaha chini, atoke. Meli za biashara ziliamriwa ziondoke bandarini, na wanawake na watoto wa Kizungu wakahamishwa. Balozi wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, aliandika kuwa usiku ule mji ulinyamaza kwa namna ya kutisha. Kwa kawaida ilikuwa usikie ngoma au mtoto mchanga akilia, lakini usiku ule hakusikia chochote. Mimi katika kumbukumbu zote za vita hivi naipa uzito ile ya Mohun kuliko hesabu za makombora, kwa sababu inatuambia mji mzima ulijua.

Saa mbili na nusu asubuhi Khalid alipeleka ujumbe. Hatuna nia ya kushusha bendera yetu, alisema, na hatuamini kama mtatupiga. Cave akamjibu kuwa hawapendi kupiga, lakini asipofanya alivyoambiwa watapiga bila shaka. Saa tatu ikafika, na dakika mbili baadaye Thrush, Racoon na Sparrow zikaanza.

Khalid alikuwa na bunduki za rashasha chache, mizinga miwili ya kisasa aliyozawadiwa Sultani na Kaizari wa Ujerumani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Kombora la mwanzo la Thrush liliangusha mojawapo ya ile mizinga mizuri. Majumba yaliyokuwa na nguzo na sakafu za mbao yakashika moto, na watu walikuwa wamejazana humo humo wakijikinga nyuma ya makasha na magunia.

Baharini ilibaki meli moja ya kuipigania Zanzibar, nayo ni Glasgow, jahazi la kifalme ambalo Sultani Barghash aliliagiza Uingereza baada ya tufani la 1872 kumvunjia meli zake. Kwa mizinga yake midogo Glasgow iliifyatulia St George, meli kubwa kuliko zote pale. Ikajibiwa, na kabla ya saa tano ikawa imezama palepale bandarini, milingoti ikichungulia juu ya maji. Mabaharia wake waliokolewa na boti za Waingereza. Milingoti ile ilikaa ikionekana na kila aliyeingia Unguja hadi 1912, ndipo mabaki yalipovunjwavunjwa. Wanafunzi hucheka wanaposikia meli ndogo kuishambulia kubwa. Mimi huwaomba wafikirie waliokuwa ndani yake, walioiona vizuri ile meli nyingine na bado wakawasha fataki.

Kama saa tatu na dakika arubaini hivi, bendera nyekundu ya kasri ikaangushwa na mizinga ikanyamaza. Alasiri Hamoud alikuwa ameshatangazwa.

Ni dakika 38 au 45?

Inategemea unaanza kuhesabu wapi na unamaliza wapi. Ukianza na kombora la saa tatu na dakika mbili na kuishia pale bendera ilipoanguka, unapata kama 38. Wapo wanaoandika 40, na wapo wanaofika 45.

Niseme wazi kuwa swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote na ndilo linaloniuma kuliko yote. Vita hivi vimeingizwa katika vitabu vya maajabu ya dunia kama vita vifupi kupita vyote, na mgeni hufika Forodhani akitabasamu. Muda ulikuwa mfupi kwa sababu upande mmoja ulikuwa na manowari na mwingine haukuwa nazo. Nusu saa na kitu ilitosha kuua na kujeruhi watu kama 500 katika mji mdogo. Tukitaka kutaja namba, tuanze na hiyo.

Waliouawa walikuwa nani?

Waliokufa na kujeruhiwa upande wa Khalid wanakadiriwa kufika 500, wanaume na wanawake, wengi wao kwa moto na kuta zilizowaporomokea. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, ndani ya Thrush, naye akapona. Mbali na hao, watu kama 20 walipoteza maisha katika uporaji ulioukumba mtaa wa Wahindi siku ile, hata wakaletwa askari wa Kisingasinga kutoka Mombasa kutuliza mji.

Majina ya waliokufa kasrini hayakuandikwa. Jina la kila meli ya Kiingereza tunalo, na la kila kamanda tunalo, lakini wale waliokuwa wakibeba baruti na maji hatuna. Wengi wao walikuwa watumwa au waliotoka utumwani, watu ambao hata uhai wao haukuandikwa vizuri.

Nimesikia Wazanzibari walikuwa pande zote mbili. Ni kweli?

Ni kweli. Nje ya kasri walisimama askari wapatao 900 wa jeshi la serikali, Waafrika wa hapa hapa, chini ya Mathews na ofisa wa Kiingereza Arthur Raikes. Walikula mshahara wa Sultani na kuamriwa na Waingereza. Kwa hiyo ndugu alikuwa anaweza kumlenga ndugu asubuhi ile.

Si ajabu ya Zanzibar peke yetu. Tawala za kikoloni kote Afrika zilishikiliwa na askari wenyeji. Lakini inatufundisha kuwa makini tunaposema “Waingereza walipiga” na “Wazanzibari walipigwa”.

Je, Seyyid Khalid alikuwa mpigania uhuru?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Khalid aliikataa amri ya dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule, akijua manowari ziko mbele ya dirisha lake. Katika ukoo wa kifalme wa Busaidi wa baada ya 1890 sioni mwingine aliyefanya hivyo. Aliposema hatushushi bendera yetu, alikuwa anatetea haki ya nchi kujiamulia, na haki hiyo ndiyo iliyokuja kudaiwa tena miaka sitini baadaye kwenye majukwaa ya vyama.

Hata hivyo, uhuru alioupigania ulikuwa uhuru wa kiti chake na wa tabaka lake. Utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar mwaka ule, na waliomfia walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1897 na Hamoud, sultani aliyewekwa na Waingereza, na kwa shinikizo lao. Kwa mtumwa wa shamba la karafuu huko Mkoani, Pemba, habari ya 1897 ilikuwa kubwa kuliko ya 1896, japokuwa ukombozi wenyewe ulikuja kwa kujikongoja na ukawaacha wengi bila ya ardhi.

Kwa hiyo mimi namwita Khalid mpinzani wa ukoloni. Mkombozi wa watu wote simwiti. Kuna wenzangu wanaosomesha historia ambao hawakubaliani nami, wengine wakiona nampa sana, wengine wakiona namnyima.

Kuna hoja nyingine hutupwa hapa, kwamba alikimbia mapema na kuwaacha watu wake. Taarifa zilizotoka upande wa Waingereza zinasema aliondoka mizinga ilipoanza kulia. Nyingine zinasema alikaa zaidi ya hapo. Aliyeandika alikuwa adui yake, basi zipokelewe kwa hadhari.

Alikwenda wapi baada ya hapo?

Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, hapo hapo mjini. Waingereza wakaweka walinzi mlangoni wamkamate akitia mguu nje, na Wajerumani wakakataa kumtoa. Alikaa humo zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ilifika, na maji yalipojaa boti yake ikaja hadi ukingo wa bustani ya ubalozi. Khalid akaingia botini moja kwa moja kutoka ardhi ya ubalozi, hakuikanyaga kabisa ardhi ya Zanzibar, na sheria ikawa haina pa kumshika. Akapelekwa Dar es Salaam.

Aliishi huko hadi Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Walimhamishia uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, na akafariki Mombasa 1927.

Gharama ya vita ililipwa na nani?

Waliopigwa. Wafuasi wa Khalid walitozwa fidia ya makombora yaliyowapiga pamoja na hasara ya uporaji, rupia 300,000 kwa upande wa uporaji peke yake.

Makaburi ya kisiwa cha Chapwani ni ya vita hivi?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida hata kwa watembeza wageni. Chapwani wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyoshambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Hao walikufa katika Vita Kuu, na vita vyao vilikuwa vya Wazungu kwa Wazungu.

Kabla ya Waingereza, kuna mapigano mengine tuliyopigana na wakoloni?

Yapo, na ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1503 Mreno Ruy Lourenço Ravasco alizunguka maji ya Unguja akikamata vyombo vya wafanyabiashara. Mfalme wa Unguja aliwatoa watu wake kwa mitumbwi kumkabili, wakapigwa kwa mizinga, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo mtoto wa mfalme. Mapatano yaliyofuata yakamlazimisha mfalme kulipa kodi ya miskali 100 ya dhahabu kila mwaka. Kwangu mimi hapo ndipo orodha inapoanzia, karibu miaka mia nne kabla ya Khalid.

Mwaka 1652 majahazi ya Oman yalikishambulia kituo cha Wareno Unguja. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ilipoanguka utawala wa Wareno kaskazini ya mwambao ulivunjika mgongo. Walirudi kwa muda mfupi 1728 na kutolewa kabisa 1729. Ngome Kongwe yetu ilijengwa na Waomani baada ya ushindi huo, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Lakini katika mzingiro wa Mombasa, Malkia Fatuma wa Unguja alikuwa upande wa Wareno, akiwapelekea chakula. Alihesabu nani atamnyang’anya zaidi, Mreno au Muomani, na akachagua. Waomani walimchukua mateka Maskati. Sioni sababu ya kumhukumu. Watawala wadogo wa mwambao waliishi miaka mingi kati ya mataifa mawili yenye meli kubwa.

Vita vya Abushiri vinatuhusu vipi, wakati vilipiganwa Bara?

Vinatuhusu kwa sababu mwambao ule ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliukodisha kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo Wajerumani walipopandisha bendera ya kampuni Pangani na kuingia msikitini na mbwa, watu walikataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akawaongoza, na Bwana Heri akasimama Saadani. Sultani alimtuma Mathews na askari kwenda kutuliza Pangani, wakashindwa.

Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann na jeshi. Tarehe 8 Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri aliendelea kupigana kwa miezi kadhaa hadi akakamatwa, na akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaununua mwambao kwa marki milioni nne. Khalid na watu wake walikuwa wameyashuhudia yote haya. Walipoziona manowari mbele ya kasri hawakuwa wageni wa jambo hilo.

Na Pemba? Mbona haitajwi?

Mapigano ya 1896 hayakufika Pemba. Lakini Wareno waliifikia mapema: mwaka 1509 waliivamia na kuipora, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Mombasa. Baadaye waling’ang’ania Pemba kwa sababu ya tumbo. Mchele na mifugo ya Pemba ndivyo vilivyolisha ngome ya Mombasa, na Wapemba walitozwa bila ya kuulizwa. Kisiwa kinacholisha jeshi kinapigwa vita kila siku hata kama hakuna mzinga unaolia, na naona historia yetu imekuwa ikiandikwa na macho ya bandari ya Unguja mno.

Mgogoro wa karne ya 20 nao Pemba ulikuwa na sura yake. Wengi huko walikifuata chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) cha Sheikh Mohammed Shamte, kilichoundwa 1959. Chake Chake ndiko ilikoamuliwa siasa ya nchi nzima Januari 1961, jimbo lilipochukuliwa na chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kwa kura moja tu.

Baada ya 1896 watu walinyamaza?

Bunduki zilinyamaza. Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar yalihamishiwa Wizara ya Makoloni na akaja Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza, na 1926 likaundwa Baraza la Kutunga Sheria ambalo mwananchi wa kawaida hakuwa na kura ndani yake. Lakini kuna matukio mawili ya baadaye ambayo nayahesabu katika mapambano haya, ingawa hayana majina ya meli wala amirali.

La kwanza ni mgomo wa 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda na mishahara ikabaki chini. Mombasa waligoma Januari 1947, wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma Septemba mwaka huo, na Agosti 1948 wakafuata wachukuzi wa bandari ya Unguja. Haukubaki bandarini. Ulienea mjini, hadi watumishi wa majumbani, na wiki kadhaa serikali haikujua la kufanya. Wachukuzi walikuwa hawana chama kikubwa wala gazeti, wengi wakiwa watu wa Bara waliodharauliwa hata na majirani zao. Kwangu hawa ndio waliouonesha mji kwamba serikali ya Resident inaweza kusimamishwa.

La pili ni Vita vya Ng’ombe vya 1951, na ningependa kila mtoto wa Unguja aijue. Kiembe Samaki, ilipo leo njia ya kwenda uwanja wa ndege, wakulima walikuwa wamekwisha kupoteza ardhi kwa ajili ya uwanja huo. Ikaja amri ya kuwachanja ng’ombe kwa lazima dhidi ya kimeta. Watu waliamini chanjo inaua mifugo yao, na hawakuwa tayari kuiamini serikali iliyochukua mashamba. Waliokataa walikamatwa na kushitakiwa. Tarehe 30 Julai umati ulipokwenda mjini kutaka kuwakomboa, polisi walifyatua risasi na wakafa watu.

Wakulima wa Kiembe Samaki wakageuza hasira ikawa chama, na chama hicho kidogo kikawa mzizi wa ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu, mwaka 1955. Ni jambo la kuzingatia: chama ambacho wengi hukikumbuka kama cha Waarabu wa mjini kilianzishwa na wafugaji wa Kiafrika wa shamba. Miaka miwili baadaye, 1957, Mzee Abeid Amani Karume na wenzake wakaunda ASP.

Juni 1961 ilikuwa vita?

Ilikuwa fitina iliyomwaga damu. Uchaguzi wa Januari ulikwisha bila ya mshindi, ASP viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, na wale watatu wa ZPPP wakagawanyika. Uchaguzi ukarudiwa Juni, ASP na ZNP wakapata 10 kwa 10. Siku ya kupiga kura na zilizofuata wakauawa watu 68 Unguja na mamia kujeruhiwa, wengi wa waliouawa wakiwa Waarabu wa mashamba.

Nimeiweka hapa kwa sababu ukoloni ulikuwa na mkono wake humo. Kwa miongo mingi serikali iliwahesabu watu kwa makabila, ikawapa mgao wa chakula wakati wa vita kwa makabila, na viti barazani kwa makabila. Lakini waliopiga mapanga hawakuwa Waingereza, na hilo pia ni lazima tuliseme.

Uhuru wetu ni 10 Desemba 1963 au 12 Januari 1964?

Tarehe 10 Desemba 1963 himaya ya Uingereza ilikwisha, Zanzibar ikawa dola huru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Katika uchaguzi wa Julai ASP walikuwa wamepata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa na silaha kutwaliwa, serikali ikaanguka, Sultani akakimbia kwa meli, na Karume akawa Rais. Tarehe 26 Aprili tukaungana na Tanganyika.

Hayo ni matukio, na hayana ubishi. Ubishi uko kwenye maana. Kuna nyumba ambazo Januari ni mwezi wa furaha, wajukuu wa wachukuzi na maskwota waliopata eka tatu za ardhi baada ya Mapinduzi. Kuna nyumba ambazo Januari ni mwezi wa kusoma hitima. Mara nyingine ni mtaa mmoja, na mara nyingine ni nyumba moja. Mimi nikisomesha huzitaja tarehe zote mbili kwa sauti ile ile na siruhusu mwanafunzi azomewe kwa ile anayoitaja nyumbani kwao.

Leo naweza kuona nini cha mwaka 1896?

Simama Forodhani, bahari iwe nyuma yako. Ngome Kongwe iko kulia kwako, Beit al-Ajaib iko upande wa kushoto. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilinusurika na makombora na ikapewa mnara wa saa baada ya vita. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na walikufa watu. Endelea kushoto kwa ufukwe upande wa Malindi hadi kasri ambalo baada ya Mapinduzi liliitwa Jumba la Wananchi, na sasa ni makumbusho. Lilijengwa upya mahali pa majumba yaliyopigwa. Beit al-Hukm, moja ya majumba hayo, halikujengwa tena.

Hutaona kibao chenye majina ya waliouawa, kwa sababu hakipo. Mabaki ya Glasgow yako chini ya maji mbele ya mji, na wapiga mbizi huyafikia.

Nataka kuandika kuhusu haya. Nianzie wapi?

Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Barua na taarifa za ubalozi wa Kiingereza zipo, pamoja na hati za Kiarabu ambazo zinasomwa na wachache mno. Kama unajua Kiarabu, nchi inakuhitaji.

Halafu nenda kwa wazee. Wa 1896 hawapo tena, lakini aliyekuwa mtoto wa miaka kumi Kiembe Samaki mwaka 1951 anaweza kuwa yungali hai. Mwamkie, kaa naye, usimharakishe, na usimwendee na jibu lako mfukoni. Muulize ng’ombe wao walikuwa wangapi, nani alikwenda mjini siku ile, nani hakurudi, na alizikwa wapi. Andika majina kamili, ya baba na ya babu, na mtaa. Mzee akikuomba jina lake lisitajwe, usilitaje, na nakala moja ya ulichoandika iache nyumbani kwake, kwa wajukuu.